Mikimbio Ishirini na Tisa

Mjukuu wangu, nimeambiwa kwamba siku hizi ukitolewa mapema hukai tena na wenzako. Unavua pedi, unabeba mkoba wako, unakwenda kusimama huko kwenye maegesho na simu mkononi mpaka mechi iishe. Sikulaumu kwa kuumia. Kazi ya mpigaji wa kriketi ina ukatili wake: mrushaji akikosea ana mpira mwingine wa kurusha, mdakaji akiangusha huenda akaletewa wa pili, lakini wewe ukikosea mara moja tu unakwenda kuketi, na jua bado ni la asubuhi. Lakini umesema unataka kuichezea Kenya. Basi sikiliza habari za Steve Tikolo, maana ninyi vijana jina lake mnalijua, hesabu zake hamzijui.

Wengi wetu tuliomwona tunashikilia kwamba nchi zisizokuwa na hadhi ya kucheza mechi za Test hazijawahi kutoa mpigaji wa kumshinda. Huyo sasa, katika mechi zaidi ya 130 za kimataifa za siku moja, alikuwa na wastani wa mikimbio 29 hivi. Mia aliifikia mara tatu. Tatu tu, katika miaka kumi na mitano! Siku nyingi alirudi kuketi akiwa hajafika alikotaka, na mechi inayofuata akaenda tena katikati kama mtu ambaye hajawahi kutolewa. Hilo la pili ndilo ninalotaka uliangalie.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1971, katika nyumba ya kriketi. Kaka zake Tom na David nao waliichezea Kenya. Akachezea klabu ya Swamibapa, akaenda Afrika Kusini akachezea timu ya Border. Kombe la Dunia la 1996 lilipofika alikuwa tayari. Mechi yetu ya kwanza kabisa ya kimataifa ya siku moja, kule Cuttack, alipiga mikimbio 65 dhidi ya India. Tulishindwa, maana Sachin Tendulkar naye alipiga 127 na hakutolewa.

Kisha ikaja Pune, tarehe 29 Februari. West Indies walitutoa sote kwa mikimbio 166. Tikolo alipata 29, na hakuna mpigaji wetu aliyemzidi siku ile. Waliomzidi ni wapinzani wenyewe: mikimbio ya ziada ilifika 37, waliyotugawia kwa mipira yao iliyopotea njia. (Ukisikia mtu anaidharau mikimbio ya ziada, mwambie Wakenya hatuna ruhusa hiyo.) Vijana wakaingia kurusha. Rajab Ali akamnasa Brian Lara, Tariq Iqbal akadaka nyuma ya wiketi. Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu kwa mikimbio 15. West Indies, mabingwa wa dunia mara mbili, wakaishia 93.

Siku sita baadaye kule Kandy, Sri Lanka walitupiga mikimbio 398, rekodi ya dunia wakati huo. Mechi ilikuwa imekwisha kabla Kenya haijashika gongo. Wengine wangepiga ovyo ili jioni ifike. Tikolo alipiga 96, akatolewa akiwa amebakiza minne.

Mwaka uliofuata, fainali ya ICC Trophy mjini Kuala Lumpur, tulicheza na Bangladesh. Katika mikimbio 241 ya Kenya, 147 ilikuwa yake. Mvua ikanyesha, mechi ikafupishwa, Bangladesh wakapewa kutafuta 166 katika ova 25. Wakaipata kwenye mpira wa mwisho kabisa, mkimbio mmoja, mpira wenyewe umegonga mguu wala si gongo. Mwaka 2000 Bangladesh walipewa hadhi ya Test. Sisi hatujapewa mpaka leo. Sisemi mpira ule mmoja ndio uliotunyima. Kulikuwa na mambo mengi, idadi ya watu na fedha zikiwamo. Ila najua wazee ambao hadi leo hawawezi kuizungumza fainali ile wakamaliza chai yao.

Hebu ziweke pamoja hesabu hizo. Alipopata 29, nchi nzima ilicheza ngoma. Alipopata 96 tulipigwa vibaya, na alipopata 147 tulilia. Ungempimaje mtu kama huyo? Kwa ushindi? Basi bora yake ni 29. Kwa mikimbio? Basi alifaulu siku tulizoumia. Wewe unataka vyote viwili vije Jumamosi moja, visipokuja unakimbilia maegesho. Havikumjia yeye, mjukuu wangu.

Na usidhani alikuwa akingoja gongo tu. Alirusha mpira wa kuzungusha, akapata wiketi zaidi ya 90 katika mechi hizo za siku moja. Alikuwa na njia nyingine ya kuwa na kazi uwanjani. Kwenye Kombe la Dunia la 2003 alikuwa nahodha. Sri Lanka walishindwa Nairobi, Collins Obuya akichukua wiketi tano. New Zealand walikataa kuja kwetu kwa kuhofia usalama, pointi zikawa zetu. Zimbabwe wakashindwa Bloemfontein. Kenya ikaingia nusu fainali. Kule Durban India walikuwa wakubwa kwetu. Nahodha wetu alipiga 56.

Baada ya hapo mambo yaliharibika, na sitakuficha. Mwaka 2004 wachezaji waligoma kudai malipo yao. Mwaka huohuo Odumbe, shujaa wa Pune, alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano na mtu wa kamari. Atakuja kwako pia mtu wa namna hiyo, mwenye maneno matamu na maswali madogo kuhusu hali ya uwanja na nani anaumwa. Mwambie nahodha wako siku hiyohiyo. Usingoje kesho.

Kombe la Dunia la 2011 lilikuwa la tano kwa Tikolo. Kenya ilishindwa mechi zote sita, akaaga Kolkata. Miaka miwili baadaye alirudi tena kusaidia timu, akiwa na miaka 42. Mwaka 2014 tukapoteza hata hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Yeye alikwisha kushika ukocha. Akawafundisha Uganda, kisha Tanzania.

Kwa hiyo nina mambo mawili kwako. Kozi ya ukocha ambayo klabu inalipia, jiandikishe sasa, ukiwa bado na magoti. Goti halikupi taarifa kabla ya kuondoka. Tena kocha wako ananiambia umeacha kurusha kwenye neti, unasema wewe ni mpigaji. Jumamosi nitakuja Ruaraka mapema. Nataka nikukute unarusha, ova sita zisizopungua, na ukitolewa nataka ukae karibu nami uniambie mrushaji wao anashikaje mpira.