Kibaba Kinachovuja

Kuna ushauri ambao kila kijana wa Nairobi ameupata, kama si kwa simu basi kwa mjomba: shughulika na kile unachoweza, mengine mwachie Mungu. Amka mapema. Andika hesabu. Weka akiba hata kama ni mbao. Ukifanya madogo vizuri, makubwa yatakuja yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Swali langu ni hili: ushauri huu ni wa kweli? Na kama si wa kweli kila mara, ni haki kumpa mtu ambaye tayari yuko chini?

Wanaoupenda sana humtaja Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa karibu miaka 2,000 iliyopita, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alifundisha kwamba kuna mambo yaliyo mikononi mwetu na mengine yasiyo. Sawa. Lakini ukimsoma vizuri utashtuka, kwa sababu mali ameiweka upande wa pili, pamoja na sifa na vyeo. Yaani mzee hakumwahidi mtu faida. Hiyo ya "fanya madogo utajirike" ni nyongeza tuliyojiwekea wenyewe.

Mwangalie mama mboga wa mtaani kwetu. Saa kumi alfajiri yuko Marikiti. Pesa ya stoki iko kwa mkebe mmoja, ya nyumbani kwa mwingine, na hata mtoto akililia soda, mkebe wa stoki haufunguliwi. Jioni anaandika madeni kwa daftari. Nyanya zikipanda bei anapunguza fungu na kukuambia wazi, hafichi mbovu chini. Mafuriko ya 2024 yalipoharibu barabara na bidhaa zikawa shida kupatikana, wateja walimlipa madeni kabla ya mwisho wa mwezi, bila kuulizwa.

Hatua chache kutoka kwake kulikuwa na fundi wa viatu mwenye nidhamu ileile, daftari na mkebe pia. Usiku mmoja tingatinga lilipita. Asubuhi hapakuwa na kibanda wala cherehani. Alirudi ushago.

Sasa mpigie huyo fundi umwambie haba na haba hujaza kibaba. Kibaba chake kilitobolewa na mtu mwingine. Hapo ndipo ushauri mzuri hugeuka kuwa tusi: tunapoanza kuamini kwamba kila aliyefika alijituma, na kila aliyeanguka alikuwa mvivu.

Basi hayo madogo yana faida gani? Naona hayanunui mafanikio. Yananunua kuaminika. Daftari ya mama mboga haikuzuia mvua, lakini mvua ilipokuja hakuwa peke yake. Mimi huandika kwa kulipwa, tangu karo iliponishinda nikaacha chuo. Siwezi kuamua mteja atalipa lini. Naweza kupeleka kazi siku niliyoahidi, ikiwa imesomwa mara mbili. Kuna miezi hilo halijaniletea hata shilingi, na bado sijaona sababu ya kuliacha. Mtu anayetimiza neno lake kwa sababu tu linalipa, ataliacha siku litakapokosa kulipa.

Lakini kuna jambo ambalo ushauri huu huruka. Mpaka kati ya ninachoweza na nisichoweza hausimami mahali pamoja. Mama mboga mmoja hawezi kustahimili wiki mbili bila mauzo. Akiwa na wenzake kumi na tisa kwenye chama, kila mmoja akitoa mia kwa siku, anaweza. Juni 2024 hakuna kijana aliyeweza kuuzuia Mswada wa Fedha akiwa peke yake. Walitoka wengi, wengine hawakurudi nyumbani, na tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatausaini. Kilichoonekana kuwa hali ya hewa kumbe kilikuwa uamuzi wa watu.

Kwa hivyo ukija kunishauri niamke mapema na niandike hesabu, nitakusikiza, maana ni kweli. Ila usiishie hapo. Niulize pia kibanda changu kiko salama kiasi gani, na nani anaamua. Halafu kaa nami tuhesabu tuko wangapi.