Sikio ni Mali ya Nani?

Watu wengi husema kwamba mwili wa mtu ni mali yake mwenyewe, naye ana haki ya kuutumia apendavyo. Neno hilo lina ukweli, maana asiye na shamba wala duka hana mtaji ila nguvu zake. Lakini yako mambo ya mwili ambayo hatuyamiliki peke yetu, na moja katika hayo ni usikivu. Basi na tulipime swali hili pamoja: je, ni haki mtu kuuza masikio yake ili apate riziki?

Usidhani swali hili ni la mchezo. Katika Nyatike, Kaunti ya Migori, yako machimbo ya dhahabu yaitwayo Osiri. Dhahabu ya Migori imetafutwa tangu miaka ya 1930, na hata leo wachimbaji wadogo huteremka mashimoni kwa nyundo na tindo, huyapandisha mawe juu, kisha huyapeleka penye mitambo ya kuyaponda na kuyasaga yawe unga, ndipo dhahabu ipate kutengwa. Injini hunguruma na vyuma hugongana na mawe. Ikiwa mahali fulani huna budi kupiga ukelele ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, jua kwamba kelele za mahali hapo zaweza kukudhuru zikidumu.

Madhara yenyewe huja hivi. Sauti ni mtikiso wa hewa. Huingia sikioni ikakitikisa kiwambo, nacho hutikisa mifupa mitatu iliyo midogo kuliko yote mwilini, nayo huupeleka mtikiso ndani zaidi, katika kijumba kilichojizungusha mfano wa kombe la konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 katika kila sikio, na kazi yake ni kuugeuza mtikiso kuwa habari za kupelekwa katika ubongo. Kelele kali huvilaza vinyweleo hivyo kama mvua ya mawe ilazavyo mtama. Vikipumzishwa mapema huenda vikainuka. Vikipigwa siku baada ya siku, seli hizo hufa, wala hazimei tena. Methali yetu yasema, sikio la kufa halisikii dawa, nasi huitumia kumlaumu mkaidi. Lakini hapa methali ni kweli neno kwa neno.

Ubaya wa hasara hii ni kwamba haina maumivu. Mara nyingi huanza kwa mlio masikioni wakati wa jioni, nao hutoweka asubuhi. Baadaye hupotea sauti nyembamba, kama za ndege na za watoto wadogo. Mwenyewe huwalaumu wengine kwamba wananong'ona, wala hajui ya kuwa amekwisha kupungukiwa.

Sasa aweza kusimama kijana wa machimboni akasema: "Masikio ni yangu, na karo ya mdogo wangu ni lazima ilipwe. Niacheni niuze nilicho nacho." Hoja hii yatoka katika shida, nasi tusiidharau. Lakini biashara ya haki hutaka muuzaji aijue bei. Huyu hulipwa leo na hukatwa miaka kumi baadaye, wala hakuna aliyemwonyesha hesabu. Tena, mazungumzo yana nusu mbili: moja ya asemaye, nyingine ya asikiaye. Mtu apotezapo usikivu, mama yake hupoteza aliyemwitikia, na mtoto wake hupoteza wa kumwambia siri kwa sauti ya chini. Hata mwenzake shimoni, akipiga kelele kwamba ukuta unabomoka, hutegemea sikio la yule aliye chini. Basi mchimbaji huuza kitu ambacho wengine wana fungu ndani yake.

Ikiwa ni hivyo, mwenye mashine naye hawezi kujitoa lawamani kwa kusema kwamba hakumlazimisha mtu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini zaagiza kwamba mfanyakazi asikabiliwe na kelele zipitazo kiasi cha desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane katika siku moja. Lakini kanuni iliyo kitabuni haizibi sikio la mtu. Apataye faida ya kelele ndiye apaswaye kwanza kununua vizibo vya masikio, kuitenga mitambo mbali na watu, na kuwapa wafanyakazi zamu fupi.

Wala tusifikiri kwamba kiziwi amepungukiwa na utu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Anayeona aibu kurudia neno mara ya pili kwa asiyesikia vema, au kumwelekezea uso ili aione midomo yake, ndiye aliyepungukiwa.

Nawe, kijana usomaye, masikio yako ni dhamana uliyopewa. Usiyachokoe kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku, maana nta ya sikio ni kinga, na kwa kawaida hutoka yenyewe. Sikio la mdogo wako likitoka usaha, usilitie mafuta wala maji ya majani, mpeleke zahanati. Usimpige mtu kofi la sikio, hata kwa mzaha. Utumiapo visikilizio vya simu, punguza sauti, na uyapumzishe masikio. Na siku utakapokuwa wewe ndiwe mwenye mashine, kumbuka kwamba dhahabu iliyopotea mchangani yaweza kutafutwa tena, lakini usikivu ulioteketezwa na kelele hauna machimbo ya kuuchimbua. Ukiwalipa watu wako ujira tu, ukawaacha waende nyumbani wasiweze kusikia wakiitwa na watoto wao, deni lako halijaisha.