Katika Njia za Mtakatifu Paulo: Nchi ya Ugiriki

Iko nchi moja kaskazini ya Bahari ya Mediteranea ambayo kila mwaka hupokea wageni mamilioni. Ni nchi ya milima mikavu, ya mizeituni na visiwa vingi, nayo yaitwa Ugiriki. Wageni huenda kutazama mahekalu yaliyobomoka na nguzo zilizosimama miaka elfu mbili na zaidi. Mkristu apitaye huko huyatazama mawe yale yale, ila yeye anamfuata mtu: Mtume Paulo, aliyeipita nchi hiyo kwa miguu na kwa merikebu yapata mwaka 50 baada ya Kristu.

Paulo alitoka Troa, ng'ambo ya bahari, akashuka Neapoli, mji uitwao leo Kavala. Toka hapo hata Filipi ni kilometa 15 hivi. Waroma walikuwa wamejenga barabara ya mawe kupita nchi hiyo yote, na mawe yake yangali yanaonekana katika magofu ya Filipi. Nje ya mji kuna mto mdogo. Huko Paulo aliwakuta wanawake wakisali siku ya Sabato, na mmoja wao, Lidia wa Tiatira, mwuza nguo za zambarau, alisadiki akabatizwa pamoja na watu wa nyumba yake. Baadaye Paulo na mwenzake Sila walipigwa fimbo, wakatiwa gerezani, miguu yao ikafungwa katika mkatale. Usiku wa manane nchi ikatetemeka na milango ikafunguka. Mlinzi wa gereza, aliyekuwa karibu kujiua kwa hofu, akabatizwa usiku uo huo, yeye na jamaa yake yote.

Hapo mkatekumeni asomaye huuliza swali, na ni swali la haki. Yule mlinzi alibatizwa kabla ya mapambazuko. Mbona yeye amehesabu masika baada ya masika, akijifunza, akiulizwa maswali, pengine akirudishwa nyuma? Kardinali Lavigerie, aliyewatuma Mapadri Weupe katika nchi za Maziwa Makuu katika karne ya 19, aliamuru ukatekumeni wa miaka minne. Wengi waliona ni mingi mno. Jibu haliko Filipi. Lazima msafiri aendelee kusini, hata Korinto.

Tesalonike na Berea zipitwe upesi, kama Paulo mwenyewe alivyolazimishwa kuzipita: katika mji wa kwanza alitoroshwa usiku, na katika wa pili maadui wa ule wa kwanza wakamfuata. Tesalonike ungali mji mkubwa, wa pili katika nchi nzima, na nyumba za leo zimekaa juu ya zile za kale.

Atene ni mji mkuu. Juu ya mlima wake wa mawe lasimama hekalu la Partenoni, lililojengwa tangu mwaka 447 hata 432 kabla ya Kristu kwa heshima ya mungu wa kike Atena. Nguzo zake ni za marmari. Paulo alipolitazama lilikuwa na umri wa karibu miaka mia tano, nalo lilikuwa zima. Karne nyingi baadaye liligeuzwa kanisa la Bikira Maria, kisha msikiti wakati wa Waturuki; na mwaka 1687 Waturuki walipokuwa wameweka baruti ndani yake, mzinga wa jeshi la Venezia uliliangukia, likapasuka katikati. Chini yake kuna mwamba mtupu, Areopago, unaoteleza kwa miguu ya watu wengi, na kando yake bamba lenye maneno ya Paulo kwa Kigiriki. Huko, kama Matendo ya Mitume yasimuliavyo, aliwaambia wenye hekima wa Atene habari za Mungu wasiyemjua, ambaye walikuwa wamemjengea madhabahu. Walimsikiliza vizuri, mpaka alipotaja ufufuko wa wafu. Wengine wakacheka, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine. Wachache tu walisadiki, miongoni mwao Dionisi na mwanamke Damari. Katika Agano Jipya hakuna barua kwa watu wa Atene.

Toka Atene mpaka Korinto ni kilometa 80 hivi. Msafiri wa leo huvuka mfereji mwembamba, kuta zake wima kama zimekatwa kwa kisu, uliomalizika kuchimbwa mwaka 1893. Wakati wa Paulo mfereji haukuwako. Kulikuwa na barabara ya mawe ambayo merikebu ndogo zilikokotwa juu yake toka bahari hii hata bahari ile. Ndiyo maana Korinto ulijaa mabaharia, wachuuzi, watumwa na watu wa kila lugha. Waroma waliuharibu mwaka 146 kabla ya Kristu, na Julius Caesar akaujenga tena mwaka 44. Basi wakati wa Paulo ulikuwa mji wa wahamiaji, na wengi wao hawakuwa na makaburi ya babu zao hapo.

Paulo alikaa mwaka mmoja na miezi sita. Wahenga husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Paulo hakungoja kupewa. Alishona hema pamoja na Akwila na mkewe Prisila, waliofukuzwa Roma, akala jasho lake mwenyewe. Katika uwanja wa mji kingaliko kiti cha hukumu, jukwaa la mawe. Wayahudi waliposhitaki, alifikishwa mbele ya Galio, mtawala wa Kiroma, naye akakataa kusikiliza kesi hiyo. Andiko lililochongwa juu ya jiwe na kupatikana Delfi lamtaja Galio huyo. Kwa hilo wataalamu wajua kwamba alikuwa Korinto yapata mwaka 51.

Upande wa kaskazini wa mji palikuwa na hekalu la Asklepio, mungu wa uganga. Katika jumba la makumbusho la Korinto vyaonekana viungo vya udongo vilivyopatikana hapo: mikono, miguu, masikio, matiti. Mgonjwa aliyepona alileta sura ya kiungo chake awe amelipa deni. Hakuna haja ya kuwacheka. Aliyelala akilia kwa maumivu hutafuta mlango wowote. Na kando ya hekalu vimechimbuliwa vyumba vitatu vya kulia, na vitanda vya mawe kuzunguka kuta, kwa maana wakubwa wa zamani walikula wamejiegemeza. Mnyama alitolewa sadaka, sehemu ikachomwa kwa mungu, na nyama iliyobaki ikaliwa na jamaa na rafiki. Huko Misri zimepatikana karatasi za kale za kualika watu kula mezani pa mungu Serapi, kwa arusi au kwa sikukuu ya kuzaliwa mtoto.

Hiyo ndiyo taabu ya Mkristu wa Korinto. Hakuna aliyemshika shingo apige magoti mbele ya sanamu. Mjomba alimwita tu: mtoto amepona, njoo tule. Akikataa, amemtukana mjomba, na kesho hana wa kumsaidia katika kesi wala wa kumzika. Akikubali, je, amemwacha Kristu? Wengine walisema sanamu ni jiwe, nyama ni nyama, na mwenye akili hula bila hofu. Wengine walitetemeka. Wasomaji wengi wanaijua meza hiyo, wala haikuwa mbali na nyumba zao.

Paulo alipata habari hizo akiwa Efeso, akaandika barua. Jibu lake si fupi, kwa sababu hakutaka kudanganya. Nyama ya sokoni iliwe bila kuuliza imetoka wapi. Mkristu akialikwa nyumbani kwa mpagani, ale. Ila mtu akimwambia kwamba nyama hiyo ni ya sadaka, aache, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyesema. Lakini kukaa katika karamu ya sadaka hekaluni, hapana: mtu hawezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Na kwa wale wenye akili nyingi alisema kwamba kama chakula chake kingemwangusha ndugu mnyonge, yeye asingekula nyama tena maisha yake yote.

Kisha barua ikageukia meza ya Wakristu wenyewe, na hapo Paulo alikasirika zaidi. Walipokusanyika kula Karamu ya Bwana, wenye mali walitangulia kula na kunywa hata kulewa, na maskini waliofika baadaye walikaa na njaa. Mtu aliyekosa kiti kwa mjomba wake kwa ajili ya Kristu alikuja kwa Wakristu, akakuta sahani tupu.

Na hao wote walikuwa wamekwisha kubatizwa, tena wamefundishwa na Mtume mwenyewe miezi kumi na minane. Katika karne zilizofuata Eklezia iliweka ukatekumeni mrefu, mahali pengine miaka mitatu. Waliokaribia ubatizo hawakuulizwa maneno waliyojifunza tu. Waliulizwa kama wamewaheshimu wajane na kuwatembelea wagonjwa, na walioleta habari zao walikuwa majirani.

Mashariki ya Korinto iko bandari ya Kenkrea. Sehemu ya misingi yake imezama, na siku ya bahari tulivu mawe yaonekana chini ya maji. Hapo aliishi Foibe, mwanamke aliyelihudumia kanisa la mahali pale na kuwasaidia watu wengi, Paulo akiwamo. Paulo alipowaandikia Waroma aliwaomba wampokee vizuri, na wataalamu wengi husadiki kwamba ni yeye aliyeichukua barua hiyo hata Roma.