Kohli au Smith? Ulizeni Kwanza Mpira Gani Unawatoa Ninyi

Kila mkitoka kwenye neti ya kriketi, wanangu, nawasikia mkibishana: Kohli au Smith. Mmoja anasifia draivu ya kava, mwingine anafungua simu kutafuta wastani, wa tatu anapandisha sauti kwa kuwa hana hoja. Ubishi una raha yake, wala sina nia ya kuwakatia. Lakini kwa umri wangu huu niruhusuni niseme: mnabishania dogo, kubwa linawapita.

Hesabu hazina mjadala mrefu. Virat Kohli wa India aliaga mechi za Testi, zile za siku tano, Mei 2025, akiwa amecheza 123, amepata mbio 9,230 na senchuri 30, kwa wastani wa 46.85. Steve Smith wa Australia alivuka mbio 10,000 mapema mwaka huohuo, kule Galle, Sri Lanka, na wastani wake unazidi 55. Kwa mchezo wa siku tano, mwenye kuhesabu atampa Smith, nami sitampinga. Ila hesabu hizo zinawaambia walichovuna tu. Hazisemi walilimaje.

Sasa nisikilizeni. Wapigaji wote wa mkono wa kulia, wakubwa kwa wadogo, huulizwa swali moja. Mpira unadondoka nje kidogo ya kijiti cha ofu, kile kilicho mbali na miguu yako, kwa urefu ambao ukienda mbele hufiki na ukirudi nyuma umechelewa. Kisha unatoka nje kidogo tu. Ukiugusa, unakwenda kwa mlinda wiketi au slipu. Ukiuacha na ukarudi ndani, vijiti vinaruka. Anayejua kijiti chake cha ofu kiko wapi ataishi; asiyejua atarudi kukaa kivulini na kofia yake mkononi.

Kohli aliulizwa swali hilo Uingereza mwaka 2014, akashindwa mbele ya dunia nzima. Mechi tano, zamu kumi, mbio 134, wastani wa 13.40. Mrushaji wao James Anderson peke yake alimtoa mara nne. Wapo ambao wangelaumu hali ya hewa, au mpira wa aina ya Dukes, au mwamuzi. Yeye alikwenda Mumbai kwa gwiji Sachin Tendulkar, wakafanyia kazi nyonga zake na hatua yake ya mbele. Mtu ambaye tayari alikuwa nyota nchini mwake alikubali kurekebishwa namna ya kusimama, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Aliporudi Uingereza mwaka 2018 alisimama mbele ya mstari wa mpigaji, ili aukute mpira kabla haujamaliza kugeuka. Tazameni zamu yake ya kwanza pale Edgbaston. Anderson anamrushia palepale, nje ya ofu, ova baada ya ova. Kohli anauacha. Anakosa. Anauacha tena. Alipofikia mbio 21 alitoa ukingo, na Dawid Malan wa Uingereza akauangusha mpira kwenye slipu. Bahati ilikuwepo, tusifiche. Lakini alipokwisha kupewa nafasi hiyo alikwenda hadi 149. Mfululizo ulipomalizika alikuwa na mbio 593, na Anderson hakuwa amemtoa hata mara moja.

Smith naye alijibu swali lilelile, ila kwa njia yake. Alianza Testi Lord's mwaka 2010 kama mrushaji wa spini, akipiga nafasi ya nane. Baadaye alijijengea msimamo ambao kocha yeyote wa kitabuni angeupigia kelele: kabla mpira haujarushwa, miguu inahama kuelekea ofu, hadi macho yake yako juu ya kijiti hicho. Hapo amelirahisisha jambo. Mpira ulio nje ya macho yake hauwezi kugonga vijiti, basi anauacha. Mrushaji akichoka kuachiwa akaunyoosha, Smith anaukunja kuelekea upande wa mguu na kuchukua mbio.

Mwaka 2019 pale Edgbaston, dhidi ya Uingereza, Australia ilikuwa 122 kwa wiketi nane. Smith alikaa na mwenzake Peter Siddle, akafikisha 144, kisha zamu ya pili akapiga 142. Pale Lord's mpira wa mrushaji Jofra Archer ulimgonga shingoni, akakosa mechi ya Headingley kwa mtikisiko wa ubongo. Aliporudi Old Trafford alipiga 211. Kwa zamu saba tu za mfululizo huo alikusanya mbio 774.

Mmoja alikwenda mbele, mwingine akaenda pembeni. Wote walikuwa wanatafuta kitu kimoja: kujua kijiti cha ofu kilipo.

Kizuri hakikosi ila, wanangu. Anayehamia ofu anaacha mlango wazi mahali pengine. Miezi michache baada ya vishindo vya Uingereza, Neil Wagner wa New Zealand alimrushia Smith mipira mifupi ya mbavuni, akiwa amepanga watu upande wa mguu, akamtoa mara nne katika mfululizo mmoja. Na anayezoea kwenda mbele kuukuta mpira, mkono wake hujifunza kuufuata. Australia, mwishoni mwa 2024, Kohli alipata senchuri Perth, kisha mpira uleule wa nje ya ofu ukaanza kumtoa tena. Zamu tisa, mbio 190, na kila alipotoka alidakwa nyuma ya wiketi. Katika mfululizo huohuo Smith alipiga 101 Brisbane na 140 Melbourne.

Kwa hiyo msinitafutie mbinu isiyo na gharama. Haipo. Mpigaji mzuri anajua gharama ya mbinu yake, na anakubali kuilipa. Mbinu iliyokuokoa mwaka jana mwaka huu inaweza kukuangusha, kwa sababu warushaji nao hawalali.

Ninachokiona kwenye neti kinanichekesha na kunisikitisha. Mmeshika mambo ya nje. Huyu anagusa kofia, pedi na glavu kama Smith, anazungusha gongo kama upanga baada ya kuacha mpira. Yule anashikilia mkao wa draivu ya Kohli kana kwamba mpiga picha yuko hapo. Siku nyingine simamisheni video wakati mpira unatoka mkononi mwa mrushaji. Angalieni kichwa. Smith, pamoja na mahangaiko yake yote, kichwa kimetulia. Kohli vilevile. Hicho ndicho cha kuiga, nacho hakina madoido.

Najua mtasema: Mzee, sisi hatuchezi siku tano. Kweli. Kenya haijawahi kupewa hadhi ya Testi. Hata kizazi cha Steve Tikolo, kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, hakikuionja. Ninyi mnacheza ova 20, na kuacha mpira mnaona ni kupoteza mpira. Lakini mpira mpya asubuhi, uwanja una umande, huuliza swali lilelile hata Nairobi. Katika ova 20, mipira miwili mliyoiacha ni bei ndogo kuliko wiketi moja.

Na adabu pia, maana ubishi wenu unaishia kwenye matusi. Smith alikuwa nahodha wakati Australia ilipokamatwa ikiuchezea mpira kwa karatasi ya msasa kule Cape Town, mwaka 2018. Alifungiwa miezi 12. Mwaka uliofuata, kwenye Kombe la Dunia pale The Oval, mashabiki wa India walimzomea. Kohli, nahodha wao, aliwageukia akawaashiria wampigie makofi, kisha yeye na Smith wakapeana mikono. Kama wao walivyo wapinzani na bado wanaheshimiana, ninyi mnaowashangilia kwa mbali mnapata wapi matusi?

Kuanzia Jumamosi hii, atakayetolewa aje kwangu na majibu matatu: mpira ulidondoka wapi, kichwa chake kilikuwa wapi, na je, ulikuwa unaelekea kwenye vijiti. Asiye na majibu haingii tena kupiga. Atarusha mpaka atakapoyapata.