Je, Kuichoka Kazi ni Kuikufuru Neema?

Swali hili lililetwa mbele ya darasa letu na kijana mmoja katika ndugu zetu, fundi wa programu za kompyuta aliyeko Nairobi. Amekaa katika kazi hiyo miaka tisa. Mshahara wake ni mzuri, nao walisha nyumba tatu: yake, ya wazazi wake, na ya dada yake mjane. Alisema kwamba kila asubuhi akiifungua kompyuta moyo humwenda mbio kwa karaha. Kwamba jambo alilokuwa akilimaliza kwa saa moja sasa lamshinda siku nzima. Na kwamba hajali tena kazi ikitoka nzuri au mbaya. Atamani kuiacha akafundishe hesabu shuleni, kwa ujira usiofika nusu ya huo. Akatuuliza: "Masheikh zetu, je, huku si kuikufuru neema, ilhali vijana chungu nzima wana shahada na hawana kazi?"

Nasi, twakiri leo, tulimjibu kwa haraka. Tulimwambia asubiri na ashukuru, na tukamkumbusha wale wasio na kitu. Akaenda zake. Baada ya miezi minne alirudi amekonda, usingizi umempaa, na watoto wake wamwogopa kwa ukali wake. Hapo tukajua kwamba tulimpa mgonjwa mawaidha pahali pa dawa. Mwenye kukosea mbele ya watu yampasa ajirekebishe mbele ya watu. Kwa hivyo twalirejea swali lile, tulipime kama lilivyostahili kupimwa tangu mwanzo.

Kwanza, yataka tupambanue baina ya uvivu na uchovu huu. Mvivu huikimbia kazi kabla hajaianza. Huyu aliipenda kazi na kuitumikia mpaka ikamla. Si jambo la kubuni. Mwaka 1974 tabibu wa nafsi Herbert Freudenberger, huko Marekani, aliandika juu ya hali hii, baada ya kuiona kwa watu waliojitolea kuwahudumia wengine, na kwake yeye mwenyewe. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kuwa ni hali itokanayo na mashaka ya kazi ya muda mrefu yasiyotengenezwa, likataja alama zake tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na ufanisi kupungua. Shirika hilo halikuiita maradhi. Liliiita jambo la kazini. Msomaji na azilinganishe alama hizo na maneno ya kijana wetu. Yeye alizitaja zote tatu bila ya kuzisoma popote.

Pili, tuitazame kazi yenyewe. Baba zetu waliounda majahazi waliweka tezo chini jua likichwa, kwani gizani hapana kazi. Kazi ya kompyuta haina magharibi. Tangu mwaka 2007, ilipoanza M-Pesa, sisi sote twataka kutuma fedha usiku wa manane kama mchana; wala hatufikiri kwamba nyuma ya huduma za namna hii yuko mtu alalaye na simu kando ya mto, ili mtambo ukisimama aamshwe. Tena wako wanaotumikia makampuni ya ng'ambo: saa nne ya asubuhi kule California ni saa mbili au saa tatu ya usiku Nairobi, na mkutano hautawangoja mpaka kukuche. Na seremala akimaliza mlango huuona umesimama. Bali huyu hukesha miezi juu ya programu, kisha mabwana wakabadili shauri, ikatupwa hata haijatumiwa. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2007 yampa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku ishirini na moja za likizo kwa mwaka pamoja na mshahara wake. Lakini siku ambayo simu haizimwi si ya mapumziko, ijapoandikwa hivyo.

Tatu, tulirejee lile neno la kukufuru. Twaijua habari ya Salman na Abu Dardaa. Salman alimkuta nduguye afunga kila siku na kusimama usiku kucha, mkewe amesahauliwa nyumbani. Akamzuia, akamkumbusha kwamba nafsi yake na ahali yake pia wana haki juu yake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsadikisha Salman. Basi ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka kwa ajili ya haki ya mwili na ahali, vipi kazi ya mwajiri isiwe na mpaka? Mshahara ni neema, hapana shaka. Lakini akili, usingizi na upole wa baba kwa watoto wake ni neema pia, nazo hazinunuliwi kwa mshahara zikisha potea. Mwenye kuziharibu hizi ili aihifadhi ile hakushukuru. Ama wale wasio na kazi, kukaa kwake pale hakuwalishi. Akiondoka, huenda mmoja wao akakipata kiti chake.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila aliyechoka na aondoke kesho. Imam Ghazali aliwekwa mwaka 1091 kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad, cheo ambacho wanavyuoni wengi wa zama zake wangekitamani. Mwaka 1095 alisitasita kwa muda wa karibu miezi sita, baina ya kukaa na kuondoka, mpaka ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha, na matabibu wakakata tamaa. Ndipo alipotoka. Hatudai kwamba yake na ya kijana wetu ni hali moja. Lakini twaona mambo mawili ya kufuatwa. Kwanza, aligawa mali yake, ila alibakisha ya kuwatosha watoto wake. Pili, mwaka 1106 alirudi kusomesha, huko Nishapur, na mwenyewe ameeleza kwamba kazi ilikuwa ile ile, ila nia ilikuwa nyingine. Basi aliyechoka na ajiulize: je, kilichoniua ni kazi hii, au ni namna niifanyavyo, au ni huyu niifanyiaye? Asipojiuliza, atauhama mji na maradhi yake mfukoni.

Kwa hivyo twamwambia ndugu yetu aende kwa daraja. Na achukue likizo yake yote, simu imezimwa, na amwone tabibu. Na aombe kupunguziwa zamu, au atafute kazi hiyo hiyo kwa mwajiri mwenye insafu. Hayo yasipofaa, na aondoke, wala asione haya. Lakini atoe ilani kama mkataba wake utakavyo, na amfundishe atakayeshika pahali pake. Na ajue kwamba shule haimpokei kila ajuaye hesabu: mwalimu hana budi kuandikishwa na Tume ya Walimu, na kwa hilo yahitaji masomo ya ualimu. Na ayaanze masomo hayo kabla hajaukata mshahara, kwani nyumba tatu zamtazama.

Limebaki neno moja, nalo ni letu sisi wazee. Tulipomwuliza kijana huyu kimfungacho, hakumtaja mwajiri. Alitaja deni la arusi yake, alilolikopa kwa kuwa jamaa walitaka siku tatu za karamu; na mkopo wa gari, kwa kuwa waliona aibu mtu wa cheo chake kupanda matatu. Sisi ndio tuliomfunga mnyororo ule, kisha tukamwambia asubiri! Kila mwenye mwana aliye Nairobi na ajihoji: je, humpigia simu kumwuliza hali, au kumwuliza fedha? Na dada yule mjane, yeye haki yake yabaki. Lakini ndugu wa kiume wako wengine wawili, na mzigo uliwekwa juu ya mmoja tu kwa sababu yeye halalamiki.

Wale ndugu wawili tumekwisha kuwaita, na wamekubali kuchukua sehemu yao. Kijana yuko likizoni, bado hajakata shauri. Akilikata, la kukaa au la kuondoka, hatutamwita mkufuru neema, na mtu wa darasa hili atakayemwita hivyo, na aje kwetu kwanza. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.