Nani Jambazi wa Njia?

Zamani, msafara ukipita kwenye ardhi ya watu ulilipa hongo: ushuru wa njia, mchana kweupe. Leo hongo ni rushwa. Neno ni lilelile, ila limeshahukumiwa.

Mwaka 1888 kampuni ya IBEA ilipewa hati na Malkia wa Uingereza, ikaruhusiwa kutoza kodi huku kwetu. Mwangeka wa Malowa, wa Mwanda kule Taita, aliipinga. Mwaka 1892 kikosi cha kampuni kikamuua.

Malaika hakuwa, sawa: vita vya njiani huwaumiza pia wapagazi, watu maskini. Lakini kampuni ilimzidi nini? Muhuri tu. Na sisi tunaopanda matatu za Voi, tukaona "kitu kidogo" kikipita dirishani, tunajua vizuri: muhuri hausafishi mkono.