WAZO LA LEO: Meza Iliyo Ndani ya Simu

Chuo Kikuu cha Kisangani kilipoanza mwaka 1963, kusoma kwa kikundi kulimaanisha kukaa meza moja. Kwa mama wa mtaa wa Lubunga aliyerudi masomoni akiwa na miaka 45, meza hiyo iko ng'ambo ya mto Kongo, na jioni watoto wanangoja chakula.

Leo kazi ya kikundi inaweza kuandikwa na wote kwenye Google Docs: mmoja yuko mtaa wa Mangobo, mwingine wa Makiso, yeye yuko jikoni kwake. Akiiandaa mapema kwa matumizi bila intaneti, ataendelea kuandika hata mtandao ukipotea. Ukirudi, maneno yake yanaungana na ya wenzake.

Kinachomzuia zaidi, naamini, ni aibu. Anaogopa vijana wataona kosa lake la Kifaransa. Mama, liache lionekane, walirekebishe, ujifunze. Tuseme kazi ya kikundi ni juu ya mikopo: wao wameisoma kwenye silabasi. Wewe umeuza sokoni miaka 20, umeona deni lisilolipwa linavyoangusha meza ya mtu. Waandikie hilo pembeni ya aya yao, usiku huu, kabla hujalala.